Ken Saro-Wiwa: Mwandishi aliyeidai Shell deni la Waogoni

Mnamo Novemba 10, 1995, wanaume tisa walifikishwa katika gereza la Port Harcourt, kusini mwa Nigeria, na kunyongwa mmoja baada ya mwingine. Maiti zao zilizikwa kwa siri katika makaburi yasiyokuwa na alama, chini ya ulinzi wa askari.

Miongoni mwao alikuwa mtu mfupi wa kimo, mwenye umri wa miaka 54, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa amewavunja mbavu mamilioni ya Wanigeria kila juma kupitia runinga zao. Jina lake lilikuwa Kenule Beeson Saro-Wiwa.

Serikali ya Jenerali Sani Abacha ilidai kwamba alikuwa amechochea mauaji ya wazee wanne wa jamii yake. Lakini kote duniani, wengi waliamini kuwa kosa lake halisi lilikuwa jingine: alikuwa amethubutu kuitaka serikali, pamoja na kampuni ya mafuta ya Shell, zitoe hesabu ya mali iliyochimbwa katika ardhi ya Waogoni tangu mwaka wa 1958.

Wapo wanaharakati wengi waliopambana na serikali za kijeshi barani Afrika. Kilichomtofautisha Saro-Wiwa na wengine ni kwamba alikataa kuiacha kampuni ijifiche nyuma ya serikali. Kwake yeye, aliyechimba, aliyeuza na aliyechafua alikuwa na deni lake mwenyewe, hata kama alikuwa na leseni halali mkononi.

Saro-Wiwa alizaliwa Oktoba 10, 1941 katika mji wa Bori, kitovu cha eneo la Ogoni katika delta ya Mto Niger. Baba yake, Jim Wiwa, alikuwa chifu aliyeheshimika na aliyebahatika kuishi hadi kumzika mwanawe, au tuseme kuzika kile kilichowezekana kuzikwa.

Ogoni ni eneo dogo, takriban kilomita 1,000 mraba, lililokuwa na wakazi wapatao nusu milioni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walikuwa wakulima wa viazi vikuu na mihogo, na wavuvi waliotegemea mito midogo inayopita katikati ya mikoko kuelekea baharini. Katika nchi yenye watu wengi kama Nigeria, ambako siasa zimetawaliwa na makabila matatu makubwa, Waogoni walikuwa tone baharini.

Kijana huyo alikuwa na kichwa chepesi. Mnamo 1954 alijiunga na shule ya Government College, Umuahia, ambayo ilikuwa imewalea pia Chinua Achebe na mshairi Christopher Okigbo. Kutoka hapo alielekea Chuo Kikuu cha Ibadan, ambako alisomea fasihi ya Kiingereza na kufuzu mwaka wa 1965. Huko ndiko mapenzi yake ya tamthilia na jukwaa yalikokolea.

Pengine angeishia kuwa mhadhiri wa kawaida lau si vita. Mei 1967, eneo la Mashariki lilijitenga na kujiita Biafra. Ogoni ilikuwa ndani ya mipaka ya dola hilo jipya, na Saro-Wiwa alilazimika kuchagua upande.

Alichagua Serikali ya Shirikisho. Hoja yake ilikuwa kwamba Biafra ingewameza Waogoni, na kwamba afadhali kuwa mdogo ndani ya nchi kubwa yenye makabila mengi kuliko kuwa mdogo ndani ya nchi ya kabila moja lenye nguvu. Alitoroka akavuka mstari wa vita, na akateuliwa kuwa msimamizi wa Bonny, bandari inayosafirishia mafuta. Uamuzi huo uliwaudhi Waigbo wengi, na wapo ambao hawakumsamehe katu.

Baada ya hapo alihudumu katika baraza la mawaziri la Jimbo la Rivers lililokuwa limebuniwa karibuni, ambako alisimamia, pamoja na mambo mengine, masuala ya elimu. Mnamo 1973 alifutwa kazi. Alikuwa amezidi kupigia debe haki ya Waogoni kujiamulia mambo yao, na wakubwa walichoka kumsikiliza.

Hakulala njaa. Aliingia katika biashara ya maduka ya vyakula na baadaye akawekeza katika majumba. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa tajiri wa kutosha kuwasomesha wanawe nchini Uingereza. Wapinzani wake walilitumia jambo hili kumkejeli, wakisema hangeweza kuwa sauti ya maskini wa vijijini huku akiishi kibwanyenye. Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba mtu aliyeikabili Shell baadaye hakuwa mgeni wa hesabu za faida na hasara. Alijua bei ya kitu, na alijua maana ya kuchukua bila kulipa.

Utajiri huo pia ndio uliomwezesha kuandika na kujichapishia vitabu. Mwaka wa 1985 alitoa Sozaboy, riwaya ya kijana mjinga wa kijijini anayeingia jeshini kwa kupenda sare na sifa, kisha akajikuta katika vita asivyovielewa. Aliiandika kwa Kiingereza kilichovunjwavunjwa, lugha ya watu wasiosoma sana, na wahakiki wengi wameihesabu miongoni mwa riwaya muhimu zaidi zilizoandikwa kuhusu vita vya Biafra.

Lakini kilichomfanya ajulikane na kila mlalahoi ni kipindi cha runinga cha Basi & Company, kilichoanza kuonyeshwa mwaka huo huo wa 1985. Mhusika wake mkuu, Basi, ni mtu wa Lagos asiye na kazi anayeota kuwa milionea bila kutoa jasho, huku mama mwenye nyumba akimdai kodi kila kukicha. Inakadiriwa kwamba watazamaji milioni 30 walikitazama kipindi hicho. Walicheka, na wengine walijiona, kwani Nigeria nzima ilikuwa imelewa ndoto ya pesa za mafuta.

Pesa hizo ndizo zilizomrudisha Saro-Wiwa nyumbani.

Mafuta yaligunduliwa Oloibiri, magharibi mwa Ogoni, mnamo 1956 na kampuni iliyojulikana wakati huo kama Shell-BP. Miaka miwili baadaye yalipatikana Ogoni kwenyewe. Nigeria ilikuwa bado koloni la Waingereza, na hakuna aliyewauliza Waogoni lolote.

Uhuru ulipatikana mwaka wa 1960, lakini haukulirekebisha jambo hili. Sheria ya Mafuta ya 1969 ilitangaza kwamba mafuta yote yaliyo ardhini ni ya serikali kuu. Amri ya mwaka wa 1978 kuhusu ardhi iliweka ardhi nayo chini ya mamlaka ya majimbo. Mkulima aliyeamka na kukuta bomba likipita shambani mwake alilipwa fidia ya mazao yaliyong'olewa, si ya kilichokuwa chini yake.

Wakati huo huo, fungu la mapato lililorudishwa katika maeneo yaliyotoa mafuta liliyeyuka. Lilikuwa asilimia 50 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 lilikuwa limeshuka hadi asilimia 1.5. Saro-Wiwa alikuwa mwepesi wa kukumbusha kwamba wakati mazao ya kuuzwa nje yalikuwa karanga, kakao na mawese ya makabila makubwa, nusu ya mapato ilirudi yalikotoka. Mambo yalibadilika mafuta ya makabila madogo yalipoanza kuilisha nchi.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ogoni ilikuwa na visima vya mafuta karibu 100, kiwanda cha kusafisha mafuta na kiwanda cha mbolea. Vijiji vingi havikuwa na umeme wala maji ya mifereji. Usiku haukuwa na giza karibu na vituo vya mafuta, kwani gesi iliyotoka pamoja na mafuta ilichomwa hewani mchana na usiku. Mabomba yalipita juu ya ardhi, mengine uani mwa watu, na yalipopasuka mafuta yalitiririka mashambani na mitoni. Mnamo 1970, kisima kimoja cha Bomu kililipuka na kumwaga mafuta kwa wiki kadhaa.

Shell ilikuwa na majibu yake. Ilisema kwamba inalipa kodi na mrabaha kwa serikali, na kwamba kuwagawia wananchi fedha hizo si kazi yake. Ilisema umwagikaji mwingi ulisababishwa na watu waliokata mabomba makusudi ili wadai fidia. Aidha, ilieleza kuwa mshirika mkubwa katika biashara hiyo ni serikali yenyewe: kufikia katikati ya miaka ya 1990, shirika la taifa la mafuta lilimiliki asilimia 55, Shell asilimia 30, nazo Elf na Agip zikagawana iliyosalia.

Majibu hayo hayakuwa uongo mtupu. Serikali kweli ilichukua sehemu kubwa ya mapato na kuyafuja. Lakini Shell ndiyo iliyoendesha visima, ndiyo iliyochagua mabomba yapite wapi, na ndiyo iliyojua, kuliko mtu mwingine yeyote, jinsi kazi hiyo hiyo inavyofanywa Ulaya ambako sheria inang'ata. Saro-Wiwa alilikariri jambo hili popote alipopewa jukwaa: kampuni moja, viwango viwili.

Tukio moja lililotokea nje ya Ogoni liliwatia watu hofu. Mwishoni mwa Oktoba 1990, vijana wa Umuechem, katika jamii jirani ya Waetche, walipanga maandamano dhidi ya Shell. Meneja mmoja wa kampuni hiyo aliwaandikia polisi barua akiomba ulinzi, na akataja kikosi maalum kilichojulikana kwa ukatili wake. Kikosi hicho kilifika. Takriban watu 80 waliuawa na nyumba 495 zikateketezwa au kuharibiwa vibaya. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji haikupata ushahidi kwamba wanakijiji walikuwa na silaha.

Miezi miwili kabla ya mkasa huo, Agosti 1990, wazee wa Ogoni walikuwa wametia saini Mkataba wa Haki za Waogoni, waraka ambao Saro-Wiwa alikuwa na mkono mkubwa katika kuuandika. Waraka huo ulisema kwamba mafuta yenye thamani ya zaidi ya Dola bilioni 30 yalikuwa yamechimbwa katika ardhi yao, na kwamba hawakuwa na cha kuonyesha. Haukudai kujitenga na Nigeria. Ulidai Waogoni wajisimamie ndani ya shirikisho, wapate sehemu ya haki ya mali yao, na walindwe dhidi ya uharibifu wa mazingira.

Hapo ndipo chama cha kutetea maisha ya Waogoni, MOSOP, kilipozaliwa. Kiongozi wake wa kwanza alikuwa Garrick Leton, naye Saro-Wiwa akawa msemaji. Aliacha karibu shughuli zake zote nyingine. Alifika Geneva mwaka wa 1992 kuhutubia kikao cha Umoja wa Mataifa kuhusu jamii asilia, akagonga milango ya mashirika ya mazingira ya Ulaya, na akagundua kwamba dunia ilisikiliza zaidi alipozungumzia mito iliyokufa kuliko alipozungumzia katiba.

Desemba 1992, MOSOP iliziandikia Shell, Chevron na shirika la mafuta la taifa ikidai jumla ya Dola bilioni 10 kama mrabaha na fidia, zilipwe katika muda wa siku 30 au kampuni hizo zifunge virago.

Hazikulipa. Januari 4, 1993, Waogoni walitoka. Inakadiriwa kwamba watu 300,000, zaidi ya nusu ya jamii nzima, waliandamana wakiwa na matawi ya miti mikononi. Wazee walitembea, akina mama walitembea, watoto walibebwa. Hakuna jiwe lililorushwa. Katika historia ya uchimbaji wa mafuta barani Afrika, ni vigumu kupata maandamano mengine ya amani yaliyohusisha sehemu kubwa hivyo ya jamii moja.

Mwezi huo huo Shell iliwaondoa wafanyakazi wake Ogoni ikitaja sababu za usalama. Ingawa haikuwahi kurejea kuchimba huko, mabomba yake yaliyosafirisha mafuta ya maeneo mengine yaliendelea kupita katika ardhi hiyo.

Kilichofuata hakikuwa cha amani tena. Aprili 1993, wanajeshi waliokuwa wakilinda kampuni ya ujenzi iliyoajiriwa na Shell kutandaza bomba waliwafyatulia risasi wanakijiji waliopinga mashamba yao yaliyopandwa kulimwa na matingatinga. Mamlaka ya kijeshi ilikaza kamba. Amri mpya ikafanya kudai kujitawala kuwa uhaini unaoadhibiwa kwa kifo.

MOSOP nayo ilianza kupasuka. Saro-Wiwa aliwataka Waogoni wasusie uchaguzi wa urais wa Juni 12, 1993. Leton na makamu wake Edward Kobani, rafiki wa Saro-Wiwa wa miaka mingi, walipinga msimamo huo na kujiuzulu. Saro-Wiwa akachaguliwa kiongozi.

Si haki kusimulia sehemu hii kana kwamba upande mmoja ulikuwa wa malaika na mwingine wa mashetani. Wazee waliojitenga waliogopa kwamba makabiliano yangeleta maangamizi, na hofu yao haikuwa ya bure. Saro-Wiwa kwa upande wake alikuwa na ulimi mkali, na hakuwa na subira na wale aliowaona kuwa wamenunuliwa. Vijana waliomfuata waliyachukua maneno makali ya viongozi na kuyapeleka mbali zaidi.

Alikamatwa Juni mwaka huo na kuzuiliwa kwa mwezi mmoja na siku moja, muda ambao uliipa jina shajara yake ya kizuizini iliyochapishwa 1995. Alipotoka alikuta vijiji vya Ogoni vikishambuliwa. Serikali iliita mashambulizi hayo ugomvi wa kikabila na jirani zao Waandoni. Wachunguzi wa haki za binadamu walitilia shaka maelezo hayo, wakitaja silaha nzito zilizotumiwa na ushahidi wa kuhusika kwa wanajeshi. Mamia ya watu waliuawa.

Novemba 1993, Jenerali Abacha alitwaa mamlaka. Mwanzoni mwa 1994 kikosi maalum cha usalama wa ndani kiliundwa katika Jimbo la Rivers, kikiongozwa na Meja Paul Okuntimo.

Mei 21, 1994, wazee kadhaa waliokuwa na msimamo tofauti na Saro-Wiwa walikutana Giokoo. Siku hiyo Saro-Wiwa alikuwa amepanga kuhutubia mikutano, lakini askari walimzuia njiani na kumrudisha Port Harcourt. Umati wa watu uliwavamia wazee hao. Edward Kobani, Albert Badey, Samuel Orage na Theophilus Orage waliuawa kinyama.

Familia zao pia zililia, na kilio chao aghalabu husahauliwa katika masimulizi ya mkasa huu.

Keshoye Saro-Wiwa alikamatwa. Kwa muda wa miezi kadhaa, wanajeshi waliingia vijijini usiku, wakiua, wakibaka na kuchoma nyumba. Kampuni ya Shell ilikana daima kwamba ilihusika na ukatili huo. Hata hivyo, mwaka wa 1996 ilikiri kwamba ilikuwa imewanunulia bastola polisi wa Nigeria waliolinda mali yake, jambo ililolieleza kuwa la kawaida katika mazingira ya nchi hiyo.

Kesi ilisikilizwa mwaka wa 1995 mbele ya mahakama maalum ya watu watatu iliyoongozwa na Jaji Ibrahim Auta, mmoja wa wanachama wake akiwa afisa wa jeshi. Hapakuwa na haki ya kukata rufaa katika mahakama ya juu. Hukumu ilihitaji kuidhinishwa tu na baraza la majenerali. Mawakili wa utetezi, akiwemo Gani Fawehinmi, walijiondoa wakilalamika kwamba kesi ilikuwa na mapendeleo. Mashahidi wawili wa upande wa mashtaka waliapa kwamba walikuwa wamehongwa ili watoe ushahidi wa uongo. Walidai miongoni mwa ahadi walizopewa zilikuwa fedha na kazi katika kampuni ya Shell. Kampuni ilikanusha madai hayo.

Katika maelezo aliyoyaandika kwa ajili ya mahakama hiyo, Saro-Wiwa alibashiri kwamba siku moja Shell nayo ingesimamishwa kizimbani.

Wakati huo jina lake lilikuwa limevuka mipaka. Mwaka wa 1994 alipewa tuzo ya Right Livelihood, na 1995 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman akiwa gerezani. Wasomaji wa Kenya watakumbuka kwamba tuzo hizo mbili zilikuwa zimemfikia pia Profesa Wangari Maathai, mnamo 1984 na 1991.

Mwisho wa Oktoba, watu tisa walihukumiwa kifo. Pamoja na Saro-Wiwa walikuwemo Barinem Kiobel, John Kpuinen, Baribor Bera, Saturday Dobee, Nordu Eawo, Daniel Gbokoo, Paul Levera na Felix Nuate. Naibu wa Saro-Wiwa katika MOSOP, Ledum Mitee, aliachiliwa.

Macho yote yaligeukia Shell. Hakukuwa na kampuni yenye ushawishi kama wake mbele ya Abacha, kwani ndiyo iliyochimba karibu nusu ya mafuta ya Nigeria. Kwa muda mrefu ilishikilia kwamba kampuni ya biashara haina ruhusa ya kuingilia mahakama za nchi huru. Ni baada ya hukumu kutolewa ambapo mwenyekiti wake, Cor Herkströter, alimwandikia Abacha akiomba huruma kwa misingi ya utu.

Baada ya Saro-Wiwa kufa, ndugu yake Owens Wiwa alieleza kwamba mkuu wa Shell nchini Nigeria alikuwa amedokeza kwamba angeweza kusaidia ikiwa kampeni ya kimataifa dhidi ya kampuni ingesitishwa. Shell imekana kwamba iliwahi kuweka sharti kama hilo.

Baraza la kijeshi liliidhinisha hukumu hiyo Novemba 8. Siku mbili baadaye watu hao tisa walikuwa wameshanyongwa, huku viongozi wa Jumuiya ya Madola wakiwa wamekusanyika Auckland, New Zealand. Nelson Mandela, aliyekuwa ameamini kwamba mazungumzo ya kimyakimya yangemlegeza Abacha, aliona kwamba amechezewa shere. Nigeria ilisimamishwa uanachama siku iliyofuata, na haikurejeshwa hadi Mei 1999. Mataifa mengi yaliwaita nyumbani mabalozi wao. Lakini hakuna aliyeacha kununua mafuta yake, na siku chache tu baada ya mauaji hayo Shell na washirika wake walitangaza kwamba wangeendelea na mradi wa gesi wa Bonny wenye gharama ya karibu Dola bilioni 4.

Ni katika vikao vya wanahisa na vituo vya petroli vya Ulaya ambapo kampuni ilianza kuhisi joto. Mwaka wa 1997 Shell ilizifanyia marekebisho kanuni zake za biashara na kwa mara ya kwanza ikaandika ndani yake kwamba inaunga mkono haki za binadamu. Mnamo 2000, serikali za Marekani na Uingereza pamoja na kampuni kadhaa za mafuta na madini, Shell ikiwemo, zilikubaliana kuhusu kanuni za hiari zinazoelekeza jinsi kampuni zinavyopaswa kushirikiana na askari wa nchi zinakochimba. Neno la hiari ndilo lililowafanya Waogoni wengi watabasamu kwa uchungu.

Aprili mwaka huo wa 2000, huko Bane, kijiji cha ukoo wake, familia ilifanya mazishi bila maiti. Ndani ya jeneza viliwekwa vitabu vyake viwili na kiko chake cha tumbaku, ambacho hakikuwa kikimtoka mdomoni alipokuwa hai.

Ubashiri wake kuhusu kizimba ulitimia kwa nusu. Familia za waliouawa ziliishtaki Shell mjini New York. Juni 2009, siku chache kabla ya kesi kuanza kusikilizwa, kampuni ilikubali kulipa Dola milioni 15.5, sehemu yake ikiwa ya hazina ya kuwafaidi Waogoni. Haikukubali lawama yoyote. Mjane wa Barinem Kiobel aliendelea na kesi yake, lakini mnamo 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba mahakama za nchi hiyo hazikuwa mahali pa kushughulikia mambo yaliyotendeka Nigeria. Alijaribu tena nchini Uholanzi, akashindwa mnamo 2022.

Madai kuhusu ardhi na maji yamepata bahati zaidi. Agosti 2011, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake makuu Gigiri jijini Nairobi, lilitoa ripoti ya uchunguzi uliofanywa katika zaidi ya maeneo 200 ya Ogoni. Katika eneo la Nisisioken Ogale, wakazi walikuwa wakinywa maji ya visima yenye kemikali ya benzini, inayosababisha saratani, kwa kiwango kilichozidi mara 900 kile kinachoruhusiwa na Shirika la Afya Duniani. UNEP ilikadiria kwamba kulisafisha eneo hilo kungechukua kati ya miaka 25 na 30, na ikapendekeza hazina ya kuanzia ya Dola bilioni 1. Ripoti hiyo ilisema pia kwamba Shell haikuwa imefuata kikamilifu hata taratibu zake yenyewe.

Januari 2015, Shell ilikubali kuwalipa wakazi wa Bodo pauni milioni 55 kwa umwagikaji wa mwaka wa 2008. Mnamo 2021, mahakama ya rufaa mjini The Hague iliilaumu kampuni tanzu ya Shell nchini Nigeria kwa umwagikaji ulioharibu mashamba na mabwawa ya samaki, kikiwemo kijiji cha Goi, Ogoni. Mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba wakazi wa Ogale na Bille wangeweza kuishtaki kampuni mama jijini London. Hoja kwamba kampuni mama haihusiki na ya binti yake imeanza kutoboka.

Usafishaji ulizinduliwa rasmi huko Bodo Juni 2016, na umekwenda kwa mwendo wa kobe.

Machi 2025, Shell ilikamilisha kuuza kampuni yake ya visima vya nchi kavu nchini Nigeria kwa muungano uitwao Renaissance, hatua iliyowafanya Waogoni wajiulize bili ya uchafu wa miaka mingi itabaki mlangoni pa nani.

Miezi mitatu baadaye, Juni 12, Rais Bola Tinubu alitoa msamaha kwa Saro-Wiwa na wenzake wanane na kuwatunuku nishani za taifa. Baadhi ya jamaa na wanaharakati waliupokea kwa shingo upande. Walisema msamaha hupewa mwenye hatia, na kwamba wanachotaka ni hukumu ya Jaji Auta ifutwe na majina ya watu hao tisa yasafishwe.